Jamalilaili: Asili na Mtawanyiko wa Jina Adimu la Ukoo (Sehemu ya Kwanza)

Miongoni mwa majina ya masharifu wa pwani ya Afrika Mashariki, Jamalilaili ni moja ya yale ambayo sifa zake ni nyingi kuliko watu wanaolitumia. Mji wa Lamu unalijua kwa sababu ya Msikiti wa Riyadha na maulidi yake ya kila mwaka, na watu wa Komoro, hasa wa kisiwa cha Ngazija, wanalijua kuwa ni jina la mojawapo ya nyumba za kisharifu zilizokaa kwao tangu zamani. Lakini mtu akiondoka katika miji hiyo na kuzunguka bara, aweza kupita wilaya nzima asikutane na mtu mmoja aitwaye hivyo. Hata hivyo, jina hilo hilo, likiandikwa Jamalullail, ndilo jina la nyumba ya kifalme inayotawala jimbo la Perlis kaskazini mwa Malaysia, na liliwahi kutawala Aceh, katika ncha ya kisiwa cha Sumatra, kwa zaidi ya robo ya karne. Makala haya yanaeleza jina hili lilianzia wapi, lilisafiri kwa njia gani, na kwa nini uchache wake katika madaftari ya kisasa haulingani hata kidogo na wingi wa watu wa nasaba yake.

Chimbuko la jina ni Tarim, mji ulioko katika bonde la Hadhramaut, kusini mwa Bara Arabu, katika nchi ambayo leo ni Yemen. Masharifu wa huko, yaani watu wanaojinasibisha na Mtume Muhammad kwa kupitia mjukuu wake Husein, wote hurejea kwa babu mmoja, Ahmad bin Isa, anayeitwa al-Muhajir kwa kuwa alihama Basra, Iraki, mwaka 317 wa Hijria, ambao ni takriban mwaka 929. Baada ya kupita Hijazi alifika Hadhramaut na kufia huko, na kizazi chake kikaja kuitwa Ba Alawi, kwa jina la Alawi, mjukuu wake. Kwa muda mrefu jina hilo la jumla lilitosha. Kizazi kilipozidi kuwa kikubwa, na Muhammad, Ali, Abubakar na Alawi walipokuwa wengi katika mji mmoja kiasi cha kutotambulikana, ndipo lakabu, yaani jina la sifa ambalo mtu hupewa na wenziwe juu ya jina alilozaliwa nalo, zilipoanza kufanya kazi ya jina la ukoo.

Lakabu hizo hazikutungwa kwa kupangwa. Al-Haddad ni mhunzi, na inasimuliwa kwamba babu wa nyumba hiyo, ambaye hakuwa mhunzi, alizoea tu kukaa dukani kwa mmoja wao. Al-Attas inatokana na kupiga chafya. Nyingine zimetokana na kijiji, na nyingine na jambo dogo la maisha ambalo majirani hawakulisahau. Jamal al-Lail, ambayo kwa Kiswahili yaweza kusemwa pambo la usiku, alipewa Muhammad bin Hasan, mwanachuoni wa Tarim aliyeishi mwishoni mwa karne ya 14 na katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, kwa sababu, kama wasemavyo waandishi wa wasifu wa masharifu, alizoea kukesha katika sala na kisomo. Vitabu vya aina hiyo husifu mababu wote kwa ucha Mungu, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuipokea hadithi hii kwa tahadhari. Lakini kwamba lakabu yenyewe ni ya mtu huyo na kwamba kizazi chake ndicho kilichoirithi ni jambo ambalo nasaba zote za Hadhramaut zinakubaliana.

Hapa pana jambo la msingi ambalo lisipoeleweka mtawanyiko wa jina hili hauwezi kueleweka. Kwa Ba Alawi, jina la ukoo halikufungwa milele katika kizazi fulani, bali lilikuwa kama tawi ambalo laweza kuchipua tawi jingine wakati wowote akitokea mtu mashuhuri ambaye lakabu yake inaifunika ile ya babu yake. Wajukuu wa Jamal al-Lail waliitwa Jamalilaili hadi alipopatikana miongoni mwao mwenye lakabu mpya yenye nguvu. Tangu hapo wanawe wakaitwa kwa lakabu hiyo, na jina la zamani likabaki katika shajara, yaani hati ya mti wa nasaba inayotunzwa nyumbani, likisomwa siku za kuoana na kuzikana na pengine halisomwi siku nyingine yoyote. Uadimu wa jina hili, basi, kwa sehemu kubwa ni uadimu wa kuandikwa, si wa watu.

Sababu zilizowatoa masharifu Hadhramaut zinajulikana. Bonde lile ni la mitende na visima, lenye mvua chache na ugomvi mwingi wa makabila, na elimu ya dini ilikuwa mojawapo ya bidhaa chache ambazo mtu angeweza kuzipakia chomboni bila ya mtaji. Kaskazi iliwasukuma kutoka bandari za Shihri na Mukalla hadi Banadiri, Pate na Lamu, na kusi ikawarudisha wale waliotaka kurudi. Wengi hawakutaka. Pate katika karne ya 16 na ya 17 ilikuwa mji wenye fedha, wafalme wake wakihitaji makadhi na watu wa dua, na ndipo walipofikia si Jamalilaili peke yao bali pia ndugu zao wa nyumba ya Sheikh Abubakar bin Salim, ambamo alitoka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Kutoka Pate tawi la Jamalilaili lilishuka kusini hadi Komoro, na huko ndiko lilikostawi zaidi kuliko kokote katika upande huu wa bahari.

Ustawi huo wa Ngazija wastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ulitokea katika jamii ambayo mila yake ingeonekana kuwa kinyume kabisa na desturi za Tarim. Kwa Wangazija ukoo, yaani inya, hurithiwa kwa mama. Nyumba ni mali ya mwanamke, na mwanamume anapooa huhamia kwa mkewe. Hata ardhi ya manyahuli hupita kwa mabinti. Sharifu mgeni, kwa upande wake, alikuja na jina lipitalo kwa baba peke yake. Mila hizi mbili hazikupambana, bali ziligawana kazi: mtoto alipata inya, nyumba na haki za mjini kwa mama yake, na akapata usharifu na jina kwa baba yake, hata akawa mwenyeji kamili na wakati huo huo mtu wa Tarim. Tena, kwa vile mume ndiye ahamaye, vijana wa ukoo huu waliooa katika miji mingine ya kisiwa walilichukua jina na kwenda nalo, na ndiyo maana halikufungika katika mji mmoja.

Kutoka Ngazija jina lilirudi tena kaskazini, na safari hiyo ya kurudi ndiyo iliyolipa umaarufu. Salih bin Alawi Jamalilaili, ambaye watu wa pwani humwita Habib Saleh, alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19 na kufika Lamu akiwa kijana, kwa ami yake Sayyid Ali bin Abdallah, aliyekuwa ameshakaa huko na ambaye alijulikana pia kwa uganga wa kutibu. Lamu ya wakati ule ilikuwa na masharifu wa siku nyingi na waungwana wa majumba ya mawe ambao hawakuona haja ya kumpa elimu mtumwa, mtumwa aliyeachwa huru, wala Mhadhrami maskini aliyeshuka jana kutoka jahazini. Habib Saleh aliwafundisha hao hao. Alijenga kwanza kibanda na baadaye msikiti huko Langoni, upande wa mchangani, nje ya mitaa ya wenyewe, akauita Riyadha kwa kufuata msikiti wa Seiyun wa Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni aliyetunga maulidi ambayo Lamu inayaita Maulidi ya Habshi. Matwari, yaani ngoma ndogo za mkono zenye uso mmoja, zilipoanza kupigwa msikitini wakati maulidi yakisomwa, ubishi ulikuwa mkubwa, na waliopinga hawakuwa watu wadogo. Ubishi ulikwisha, matwari yapo hadi leo, na kila Mfungo Sita Lamu hujaa wageni kutoka Tana hadi Tanga, kutoka Unguja na Komoro.

Jambo linalohusu makala haya zaidi, hata hivyo, ni lililotokea baada ya Habib Saleh kufariki katikati ya miaka ya 1930. Uongozi wa Riyadha ulipita kwa wanawe na wajukuu wake, na mmojawapo, Ahmad, alijulikana kwa lakabu ya Badawi. Kizazi chake sasa kinaitwa kwa lakabu hiyo, Badawi au Badawy, na ndiyo inayoandikwa katika kitambulisho na katika hati ya kusafiria. Mtafiti anayehesabu majina kwa kutazama daftari la wapiga kura la Lamu atawapata akina Badawi na kuwaweka mahali pao, kisha ataandika kwamba Jamalilaili wamebaki wachache. Na wale aliowaweka mahali pengine ndio Jamalilaili wenyewe. Hapa pwani palitokea, mbele ya macho ya watu walio hai, jambo lile lile lililotokea Tarim katika karne ya 15.

Upande wa mashariki wa bahari mfano ni mkubwa zaidi. Mwaka 1699 malkia wa nne na wa mwisho wa Aceh aliondolewa, baada ya kufika barua kutoka Makka iliyosema kwamba mwanamke hafai kutawala, na kiti kikatwaliwa na Badrul Alam Sharif Hashim Jamalullail. Yeye na wawili waliomfuata walitawala hadi mwaka 1726, kisha ufalme ukaangukia mikono mingine. Perlis hadithi ni ndefu zaidi na bado haijaisha. Siam ilipoivamia Kedah mwaka 1821 na baadaye kuigawa, kipande chake cha kaskazini, yaani Perlis, kilifanywa nchi ya peke yake, na mwaka 1843 Sayyid Husein Jamalullail, ambaye baba yake alikuwa mkuu wa Arau, akawa Raja wake wa kwanza. Kizazi chake kinatawala mpaka sasa kutoka mji huo huo wa Arau. Kwa kuwa Malaysia huchagua mfalme wa nchi nzima kwa muhula wa miaka mitano miongoni mwa watawala tisa wa kurithi, jina hili limewahi kukaa juu kabisa mara mbili: Syed Putra kuanzia 1960 hadi 1965, na mwanawe Syed Sirajuddin kuanzia 2001 hadi 2006. Pontianak, katika Borneo, iliyoasisiwa mwaka 1771 na Sharif Abdurrahman al-Qadri, ni kisa cha aina ya Badawi: al-Qadri ni tawi la Jamalilaili, lakini masultani wake walijulikana kwa jina jipya, na wasomaji wachache wa historia ya mji huo hujua kwamba watawala wake na wale wa Perlis ni wa shina moja.

Maandishi nayo yameongeza utata. Waarabu huandika maneno mawili, jamal na al-lail. Wamalay wameyaunganisha kuwa Jamalullail. Makarani wa Kifaransa wa Komoro walianzia na D, wakaandika Djamalilaili au Djamalilail. Na Waswahili wa Kenya huandika Jamalilail, Jamalilayl au Jamalilaili, mara nyingine katika nyumba moja, kwa kutegemea karani aliyekuwa zamu siku ya kuandikisha. Kompyuta huyahesabu haya yote kuwa majina tofauti. Kinyume chake pia hutokea, kwani wapo wanaodhani kwamba kila Jamal wa Mombasa ni wa ukoo huu, ilhali wengi wao wamechukua jina la baba au babu aliyeitwa Jamal. Na Jamalul Kiram, jina la masultani kadhaa wa Sulu katika Ufilipino, ni cheo cha kutawazwa, wala halina uhusiano na lakabu ya mtu wa Tarim.

Kwa sababu hizo, chombo pekee cha kupimia mtawanyiko wa jina hili ni nasaba zilizoandikwa. Abdurrahman al-Mashhur, mufti wa Tarim aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 20, aliacha kitabu cha matawi ya Ba Alawi ambacho hadi leo ndicho kinachorejelewa, na jumuiya ya Rabita Alawiyya, iliyoundwa Batavia, yaani Jakarta ya sasa, mwaka 1928, ina ofisi inayoandikisha watu baada ya kulinganisha madai yao na vitabu hivyo. Nasaba hizo zina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba humfuata mwanamume. Binti wa Jamalilaili, ambaye kwa sharti la kafaa, yaani ulinganifu wa nasaba kati ya mume na mke, aliozwa sharifu wa nyumba nyingine, hutoweka katika mti wa baba yake pamoja na wanawe wote. Na katika Ngazija, ambako nyumba na ardhi vilikuwa mikononi mwa mabinti kama hao, hasara ya kuwaacha nje ya hesabu ni kubwa kuliko mahali pengine popote.

Sehemu ya pili itashughulika na shajara za Pate na Ngazija peke yake. Wasomaji wa Lamu, Komoro na Mombasa ambao nyumba zao zimetunza hati za zamani wanaombwa wazinakili kabla wino haujafifia, na wanakilipo wasiyaache majina ya mama.