Je, Wajua? Miguu ya Ng'ombe ni Mtego wa Mbung'o

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hatagi mayai. Jike hulea buu mmoja tumboni kwa siku tisa hivi, kisha humzaa akiwa na uzito unaokaribia wa mama yake, naye buu hujichimbia udongoni mara moja. Uzazi huo wa taratibu ndio udhaifu wake: watafiti wamekadiria kwamba vifo vya majike vikiongezeka kwa takriban 4% kwa siku, kundi lisilopata wageni hutoweka. Hesabu hiyo ina uzito Tarime na Serengeti, wilaya za mkoa wa Mara zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa kuwa mbung'o huambukiza mifugo ugonjwa wa nagana, na kimelea kimojawapo anachobeba, Trypanosoma brucei rhodesiense, humletea binadamu malale, ugonjwa unaoua usipotibiwa.

Anayetaka kumkinga mtu na aanze na ng'ombe. Ng'ombe wa kienyeji aweza kukaa na kimelea hicho bila dalili yoyote, akafika mnadani ananawiri. Malale yalipozuka Soroti, Uganda, mwaka 1998, chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye mnada uliopokea ng'ombe kutoka maeneo yenye ugonjwa. Kwa hiyo sindano ya Berenil, dawa inayoua vimelea hivyo, kabla ya kuuza humkinga mnunuzi na majirani zake. Njia ya pili ni dawa ya kupulizia inayoua wadudu, kama deltametrini. Mbung'o wengi hutua miguuni na tumboni, basi bomba lielekezwe huko tu, tena kwa ng'ombe wakubwa. Dawa hutumika kidogo, na ndama walioachwa hukutana na kupe mapema, wakajijengea kinga ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Wapo wasemao ni kazi bure, kwa kuwa nyati, pongo na ngiri nao hubeba kimelea, na hakuna wa kuwadunga sindano. Ni kweli, na ndiyo maana mafanikio ya Unguja hayawezi kunakiliwa hapa. Kule madume waliohasiwa kwa mionzi waliachiwa kuanzia 1994, mbung'o wakamalizwa, na bahari ikazuia wengine kurudi. Mara haina bahari ya kuitenga na hifadhi. Lengo lake liwe kuwapunguza pembezoni: mbung'o hunyonya damu kila baada ya siku mbili tatu, na akivuka mpaka, yafaa mlo wake wa kwanza uwe mguu wenye dawa. Wengine huuliza kwa nini tugharimike ilhali wagonjwa wa malale ni wachache. Lakini mfugaji halipii malale peke yake. Nagana hukondesha ng'ombe, hukausha maziwa, huwatupisha mimba na kuwalegeza maksai msimu wa kulima. Dawa ileile huzuia yote mawili. Tatizo ni kwamba mfugaji mmoja akipulizia peke yake, mbung'o hawapungui. Sharti kijiji kizima. Na kwa kuwa anayekingwa ni pamoja na mwalimu, mwanafunzi na mkulima asiye na hata mbuzi, si haki gharama yote ibebwe na mwenye ng'ombe.