Mkono wa kulia ukifa ganzi safarini: Tahadhari kabla ya kufunga kifaa kwenye skuta

JE, msomaji, umewahi kuendesha pikipiki au skuta kwa saa mbili mfululizo bila kusimama? Kama umewahi, bila shaka unajua ni kiungo kipi kinachotangulia kulalamika. Mara nyingi si mgongo wala miguu, bali ni mkono wa kulia. Kwanza vidole huwashwa kana kwamba sisimizi wanavitembelea. Kisha ganzi hupanda hadi kwenye kifundo, na hatimaye hujui kama umeushika mpini barabara au umeugusa tu.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mpini wa kulia ndio wa kuongezea mafuta, na mtambo wake una springi inayouvuta urudi mahali pake kila mara. Springi hiyo iliwekwa kwa makusudi. Ukiteleza, ukianguka au mkono ukitoka kwenye mpini, mafuta hujifunga yenyewe na chombo hupunguza mwendo. Lakini maana yake ni kwamba muda wote wa safari, vidole vyako vinashindana na springi isiyochoka. Ongeza hapo mtetemo wa injini na kifundo kilichokunjwa pembe moja kwa kilomita mia mbili, na neva zinazopita kwenye kifundo na kiganja hubanwa. Ganzi haina budi kuja.

Wanaolijua tatizo hili vizuri ni wenye skuta kubwa za safari. Usifikirie skuta ndogo ya kwenda dukani. Suzuki Burgman 650, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2002, ina injini ya sentimita za ujazo 638 na tangi la lita 15. Mtu na mkewe huweza kuipanda, wakatia mizigo chini ya kiti, wakaenda zaidi ya kilomita 250 kabla ya kutafuta petroli. Honda Silver Wing ya sentimita za ujazo 582 ni ya jamii hiyo hiyo. Huko Marekani na Ulaya, watu wengi, hasa wenye umri mkubwa kidogo waliochoshwa na pikipiki za gia, walizinunua kwa safari ndefu za barabara kuu.

Hata hivyo, skuta hizo mbili zilitoka kiwandani bila mtambo wa kushikilia mwendo, ule ambao magari mengi yanao. Basi wenyewe wakaanza kujitafutia dawa. Wapo walionunua vifaa madukani na wapo waliojitengenezea katika gereji za nyumbani. Baadhi ya dawa hizo ni nzuri. Nyingine zinaweza kukuua wewe na yule uliyembeba nyuma.

Skuta haina klachi ya mkono

Kabla ya kuvitazama vifaa vyenyewe, kuna jambo moja ambalo kila mwenye skuta anapaswa kulitia akilini. Jambo hili ndilo linalofanya kifaa kinachofaa kwenye pikipiki ya gia kiwe na hatari zaidi kwenye skuta.

Kwenye pikipiki ya gia, mkono wa kushoto umeshika klachi. Ikitokea mafuta yamekwama, mwendeshaji hubana klachi, na papo hapo injini hutenganishwa na gurudumu. Injini itanguruma kwa hasira, lakini haitakusukuma tena.

Skuta haina klachi ya kubana. Klachi yake imefichwa ndani na hujishika yenyewe injini inapozunguka kwa kasi. Wenzo wa kushoto ni breki ya gurudumu la nyuma. Kwa hiyo mafuta yakikwama wazi, unaweza kubana breki zote mbili na bado injini ikaendelea kukusukuma mbele. Breki nzuri zitaishinda injini, lakini utasimama mbali zaidi ya pale ulipotarajia, na mita chache tu ndizo zinazotofautisha kuponea chupuchupu na kugonga lori.

Aliyejifunzia kwenye pikipiki za bodaboda ana hatari ya ziada. Akishtuka, mkono wake wa kushoto hubana klachi kwa mazoea. Akiwa juu ya skuta, anachobana ni breki ya nyuma, na gurudumu huweza kufunga akateleza.

Njia za kuinyamazisha injini ya skuta iliyokwama mafuta ni mbili tu wakati huo: kuufunga mpini kwa nguvu za mkono wako, au kubonyeza swichi nyekundu ya kuzima injini iliyo karibu na kidole gumba cha kulia. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuchagua kifaa ni hii: kifaa chochote kinachoupumzisha mkono kisiunyang'anye mkono huo uwezo wa kufunga mafuta mara moja.

Vifaa vyenyewe

Kifaa cha kwanza, cha bei nafuu, ni kipande chembamba cha plastiki kinachobanwa juu ya mpini na kutokeza nyuma chini ya kiganja. Kimojawapo kinachojulikana sana ni Cramp Buster. Ukiwa nacho, huhitaji kuukamata mpini kwa vidole, kwani unaulaza uzito wa kiganja tu na mafuta yanabaki pale pale. Ukiinua kiganja, springi hufunga mafuta kama kawaida. Kwa sababu hiyo, hiki ndicho cha kuanza nacho. Kasoro yake ni moja. Unaposimama kwenye taa au unapogeuza skuta mahali pembamba, kiganja kinaweza kukigonga na kuongeza mafuta bila kutaka. Kwenye skuta, ambayo haina klachi ya kukuokoa, itaruka mbele. Kwa hivyo kizungushe kikae mbali na kiganja unapoingia mjini, au kiondoe kabisa.

Cha pili ni pete ya mpira inayoingizwa kati ya mpini na uzito ulio kwenye ncha ya usukani ili msuguano uuzuie mpini kurudi. Wengi hupenda njia hii kwa kuwa haigharimu chochote. Lakini mpira hulainika juani na huteleza ukiloa, na nguvu ya kushika kwake hubadilika kila siku. Msomaji, njia hii iache.

Cha tatu ni kishikizo cha msuguano kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Kaoko ya Afrika Kusini, kwa mfano, hukaa kwenye ncha ya usukani badala ya ule uzito wa kiwandani. Unazungusha kirungu chake kidogo, nacho hubana mpini polepole hadi ushikilie pale ulipouacha. Kilicho bora hubana kiasi tu, hivi kwamba mkono wako unaweza kuushinda msuguano na kufunga mafuta bila kugusa kirungu kwanza. Kikibana hadi huwezi kuugeuza mpini kwa mkono mmoja, kimepita kipimo na ni hatari.

Elewa pia kwamba kishikizo hiki hushikilia mafuta, hakishikilii mwendo. Ukiufunga mpini kwenye tambarare kwa kilomita 90 kwa saa, ukianza kupanda mlima mwendo utapungua, na ukianza kuteremka utaongezeka. Hebu fikiria mtu anayetoka Limuru kuteremka kwenda Mai Mahiu, mpini umefungwa, mteremko unamvuta, na mbele yake trela linatambaa kwa gia ya kwanza. Kishikizo hakijui kwamba kuna mteremko, na hakijui kwamba umeshika breki.

Cha nne ndicho mtambo kamili wa kushikilia mwendo. Huu husoma kasi ya gurudumu au ya injini, kisha huvuta waya wa mafuta au kuulegeza ili mwendo usibadilike, mlima au mteremko. Kampuni ya MC Cruise ya Australia hutengeneza mitambo ya aina hii kwa ajili ya pikipiki. Zamani mafundi wa nyumbani huko Marekani walinunua mtambo wa magari ulioitwa Audiovox CCS-100 na kuufunga kwenye pikipiki. Ule hutumia mvuto wa hewa inayofyonzwa na injini. Kwa kuwa mvuto huo hupungua injini inapobeba mzigo mlimani, iliwabidi waongeze chupa ya akiba yenye vali ya kupitisha hewa upande mmoja. Ni kazi ya fundi anayejua umeme na injini, si ya kujaribu Jumapili alasiri.

Kuna skuta za karibuni zinazotoka kiwandani zikiwa na mtambo huu tayari. Yamaha TMAX DX ya mwaka wa 2017 ni mfano mmoja. Ikiwa mfuko unaruhusu, hilo ndilo suluhisho safi zaidi.

Mvumbuzi asiyeona

Huenda ukashangaa kusikia kwamba mtambo wa kushikilia mwendo ulibuniwa na mtu asiyeweza kuendesha gari. Ralph Teetor, mhandisi wa mji wa Hagerstown katika jimbo la Indiana huko Marekani, alizaliwa mwaka wa 1890 na kupofuka akiwa na umri wa miaka mitano. Inasimuliwa kwamba wakili wake alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo kila alipozungumza na kuongeza kila aliposikiliza, na Teetor, akiwa abiria, alichoshwa na kule kuyumbishwa mbele na nyuma.

Alipewa hataza ya kifaa chake mwaka wa 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake mwaka wa 1958. Mitambo iliyofuata imeshikilia sharti moja: dereva akigusa breki tu, mtambo huachilia mara moja. Sharti hilo ndilo linaloutofautisha mtambo kamili na kipande cha plastiki au pete ya mpira, na ndilo unalolipia unapoununua.

Pima kabla ya kupakia mtu

Kifaa chochote utakachochagua, fanya majaribio haya skuta ikiwa imesimama na injini imezimwa. Zungusha mpini hadi mwisho kisha uuachilie ghafla. Lazima urudi wenyewe kwa mlio wa kukata. Rudia usukani ukiwa umepindwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Ukirudi kwa uvivu, usifunge kifaa chochote. Waya umechakaa au umekauka, na huo ndio ugonjwa wa kutibiwa kwanza.

Baada ya kufunga kifaa, rudia majaribio yote. Kama ni kishikizo cha msuguano, kibane, kisha jaribu kuufunga mpini kwa mkono huku umevaa glavu. Kama ni mtambo kamili, hakikisha taa ya breki inawaka ukishika wenzo wa kulia peke yake na ukishika wa kushoto peke yake, kwani mara nyingi swichi za taa hiyo ndizo zinazouambia mtambo uachilie.

Kisha tafuta uwanja mtupu na ufanye mazoezi ukiwa peke yako: funga mpini, fungua, shika breki, bonyeza swichi nyekundu. Fanya hivyo hadi kidole gumba kijue njia bila kuuliza. Usimpakie mtoto wala mwenzako kabla ya hapo.

Isitoshe, kifaa kina mahali pake. Barabara iliyonyooka, kavu, yenye magari machache na inayoonekana mbali ndiyo yake. Mjini, kwenye mvua, kwenye kona, kwenye matuta na mahali ambapo mifugo au wanyama wa porini huvuka, kama kule Tsavo kwenye barabara ya Mombasa, mkono ushike mafuta wenyewe.

Na huenda usihitaji kifaa chochote. Wengi hufa ganzi kwa sababu wanaubana mpini kana kwamba unataka kutoroka. Legeza vidole. Vaa glavu zenye kiganja kinene. Vaa mpini soksi ya sponji ili uwe mnene na kupunguza mtetemo. Simama kila baada ya saa moja, ukunjue vidole, unywe maji. Ganzi ikiendelea hata ukiwa nyumbani, au ikikuamsha usiku, hilo si jambo la skuta tena. Mwone daktari.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Springi ile inayokuchosha mkono ndiyo mlinzi wako, na aliyekaa nyuma amekushika kiuno hana breki wala swichi nyekundu. Unapotafuta raha ya kifundo chako, hakikisha hujamfukuza mlinzi wenu nyote wawili.