Ongea Naye, Cheza Naye: Furaha ya Kulea Mtoto Mdogo

Leo tunazungumza nawe mama, nawe nyanya, shangazi na yaya, na baba pia ikiwa uko karibu na redio. Tumezoea kuongea juu ya chanjo, kuhara, malaria na maziwa ya mama. Hayo yote ni muhimu. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi halipati nafasi kliniki, kwa sababu foleni ni ndefu na muuguzi ana haraka. Mtoto mdogo anahitaji mtu wa kuongea naye, kucheza naye na kumfurahia.

Najua wako watakaosema, "Kuongea na mtoto wa mwezi mmoja? Anaelewa nini huyo?" Hebu tuangalie. Mtoto anapozaliwa huona vizuri vitu vilivyo umbali wa kama sentimita 20 hadi 30. Mama, pima umbali huo mwenyewe ukiwa umempakata. Ni kama kutoka kwenye titi hadi usoni pako! Kwa hivyo unaponyonyesha, uso wako ndio unaoonekana vizuri kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Sauti yako nayo aliisikia akiwa bado tumboni. Kufikia wiki ya sita hadi ya nane hivi, ataanza kukutabasamia. Ukimjibu kwa tabasamu na neno, atakurushia tena "aguu, aguu" yake. Hayo ni mazungumzo, msikilizaji. Yeye anasema, wewe unajibu, kisha unanyamaza kidogo umpe nafasi yake.

Kwa nini jambo hili ni la afya? Ni kwa sababu ubongo hukua upesi katika miaka ya kwanza kuliko wakati mwingine wowote wa maisha. Mtoto akifika miaka 2, ubongo wake huwa umefikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndani yake kuna nyuzi nyingi sana zinazoungana. Zinazotumiwa kila siku huimarika, na zisizotumiwa hufifia. Ni kama kijia cha kwenda mtoni. Kikipitwa kila asubuhi hupanuka, kikiachwa huota nyasi. Kila unapomjibu mtoto, unapita kwenye kijia hicho.

Pengine utauliza kama kweli mchezo unaweza kubadilisha maisha ya mtoto wa maskini. Nitakupeleka mbali kidogo, kisiwa cha Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti mjini Kingston walichagua watoto 129 wa familia maskini, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, ambao walikuwa wamedumaa kwa kukosa lishe ya kutosha. Baadhi ya watoto hao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kwa saa moja kila wiki, kwa miaka 2. Mhudumu hakuleta vitu vya bei ghali. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuongea na mtoto wake. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta tena, wakati huo wakiwa watu wazima. Waliotembelewa walikuwa wakipata mapato zaidi kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo ya mchezo. Mimi husema hivi: saa moja tu kwa wiki ya mgeni haingefanya kazi hiyo. Waliofanya kazi ni akina mama, siku zile nyingine 6.

Sasa twende jikoni. Wengi wenu mnasema hamna wakati, na ni kweli. Maji yachotwe, kuni zitafutwe, kibanda kifunguliwe sokoni. Hatukuombi utafute saa nyingine. Tumia ile uliyo nayo. Unapochambua sukuma wiki, mkalishe mtoto kando yako umpe jani alishike, umwambie, "Hili ni kubwa, hili ni dogo." Unapoanua nguo, mwulize soksi ya baba iko wapi. Unapombandua mahindi, hesabuni pamoja punje tano. Unapomwogesha, taja pua, sikio, kidole, na ukikosea kwa makusudi ukaita goti pua, utaona atakavyocheka na kukusahihisha. Mtoto wa miaka 3 anayemsahihisha mama yake anajifunza, tena anafurahi kupita kiasi!

Ongea naye kwa lugha unayoijua vizuri, iwe ni Kigiriama, Kidholuo, Kikamba au Kiswahili. Wazazi wengine siku hizi wanajikaza kuongea Kiingereza kilichokatikakatika eti mtoto atangulie wenzake shuleni. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya nyumbani hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi. Na nyanya, usiache hadithi zako. Ukisema "Hadithi, hadithi!" naye akajibu "Hadithi, njoo!", amejifunza kusikiliza na kungoja zamu.

Vitu vya kuchezea si lazima vinunuliwe. Sufuria na mwiko ni ngoma. Chupa tupu ya plastiki yenye maharagwe machache ni kayamba, lakini hakikisha kifuniko kimefungwa kabisa, kwa maana haragwe likiingia kooni linaweza kumsakama mtoto. Mpira ule wa zamani wa mifuko ya nailoni umekuwa adimu tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, lakini matambara yaliyofungwa kwa kamba ni mpira mzuri vilevile. Simu yenye katuni haiingii katika orodha hii. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Simu haimngoji mtoto ajibu.

Tuongee sasa juu yako wewe mlezi. Wapo akina mama wanaosikiliza wakisema moyoni, "Furaha gani? Mimi sioni furaha yoyote." Mama, kuchoka si dhambi. Mtoto anapolia usiku kucha, hakuna anayefurahi. Umwombe mtu akushikie mtoto nusu saa ulale. Lakini ikiwa umejifungua na kwa zaidi ya wiki 2 unajisikia mzito, unalia ovyo, huna hamu ya chakula, au unamtazama mtoto wako na huhisi chochote, huo si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa wa huzuni baada ya kujifungua. Huwapata akina mama wengi, nao unatibika. Mweleze muuguzi siku ya kliniki, au mhudumu wa afya wa kijiji anapopita. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu wa karibu na uende hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto pia mwangalie. Akifika miezi 3 bila kutabasamia mtu, miezi 9 hawezi kukaa bila kushikiliwa, miezi 18 hajatembea, au miaka 2 hajaunganisha maneno mawili kama "mama maji", mpeleke kituo cha afya. Vivyo hivyo ikiwa hashtuki kwa kelele kubwa. Usiambiwe "atazoea tu". Huenda ni masikio, na masikio yakichunguzwa mapema mtoto husaidiwa mapema. Beba kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mbali na uzito na chanjo, mna kurasa za hatua za ukuaji, na una haki ya kumwomba muuguzi azifungue mzisome pamoja.