Meli mbili za maharamia, sura moja: Nani kamwiga nani?

DESEMBA iliyopita nilinunua meli ya maharamia mjini Kitale. Ya plastiki, ya kuunganisha vipande, Sh850 baada ya kubishana bei na muuzaji hadi akachoka. Ilikuwa zawadi ya mpwa wangu wa Bungoma aliyekuwa akitimiza miaka minane. Kufika huko, nikapata babake naye amemnunulia meli ya maharamia, Sh600, kwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda Malaba.

Maboksi yalikuwa tofauti, moja jekundu, jingine la samawati, na kila moja lilikuwa na jina la kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Lakini ndani, jameni! Tanga lile lile jeusi lenye fuvu na mifupa. Mizinga. Kasuku. Kisanduku cha hazina. Nahodha mwenye kulabu badala ya mkono, na mguu mmoja wa mti. Kijana akamwaga vyote juu ya gunia, na baada ya dakika tano hakuna aliyeweza kusema kipande kipi kimetoka boksi gani. Vilishikana vizuri tu.

“Anko, huyu ameibia huyu?” akaniuliza.

Ni swali la mtoto, lakini kwa kijana anayepanga kuchukua mzigo wa matoi kule Kamukunji aje auze Kitale, ni swali linaloweza kumlaza korokoroni.

Hata kampuni kubwa duniani zinafanana hivyo hivyo. Playmobil ya Ujerumani ilitoa meli yake ya kwanza ya maharamia mwaka 1978. LEGO ya Denmark ikaja na yake 1989, ile iliyoitwa Black Seas Barracuda. Kabla ya hapo watu wadogo wa LEGO wote walikuwa na tabasamu moja, hata zimamoto akiwa kazini. Maharamia ndio waliowaletea ndevu, kitambaa cha jicho, kulabu na mguu wa mti. Mega Bloks ya Canada nayo ilitengeneza Black Pearl, meli ya filamu za Pirates of the Caribbean. Leseni ilipoenda kwa LEGO, meli hiyo hiyo ikatoka tena mwaka 2011 kwa matofali ya mpinzani.

Sasa huyo kasuku ni wa nani? Si wa yeyote kati yao. Haramia tunayemwona kwenye boksi alitoka hasa kwenye Treasure Island, riwaya ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1883, ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa Chenye Hazina. Humo ndimo alimo Long John Silver, mwenye mguu mmoja na kasuku begani. (Silver alitembea kwa mkongojo, huo mguu wa mti ameongezewa na watu.) Kulabu ni ya Kapteni Hook wa Peter Pan, mchezo wa kuigiza wa 1904. Na Stevenson mwenyewe alikiri baadaye kwamba yule kasuku alimtoa kwa Robinson Crusoe. Yaani mwizi wa kasuku naye alikuwa ameiba kasuku.

Maharamia tuliowajua sisi Kenya hawakuwa na kasuku. Walikuwa na bunduki na boti za mwendo kasi, kama wale walioteka MV Faina mnamo Septemba 2008 ikielekea Mombasa na vifaru 33. Hiyo sijaiona kwenye boksi lolote.

Kuhusu tofali lenyewe, hapo ndipo mambo yanachekesha. LEGO ilianza kuuza matofali ya plastiki 1949, kwa kuiga yale ya Kiddicraft, kampuni ya Mwingereza Hilary Fisher Page. Ikaongeza mirija ya ndani inayoshika vizuri na kuomba hataza mwaka 1958. Hataza huisha. Ilipoisha, LEGO ilijaribu kulilinda umbo la tofali kama alama ya biashara. Mahakama ya Juu ya Canada ikakataa mwaka 2005, mahakama ya Ulaya nayo ikakataa 2010. Walisema, kwa ufupi, kwamba umbo linalofanya kazi ya kushikana haliwezi kuwa mali ya mtu mmoja milele. Ndiyo maana meli ya Kitale na ya Bungoma zinaungana bila kugombana.

Lakini usikimbilie kuagiza kontena. Yule mtu mdogo wa LEGO, kichwa chake na mabega yake, mahakama ya Ulaya ilikubali 2015 kwamba ni alama yake. Na ukiiga seti nzima, kipande kwa kipande, hadi picha ya boksi, hiyo si kufanana tena. Lepin ya China ilifanya hivyo, Black Pearl ikiwemo. Polisi wa Shanghai wakaivamia 2019, na mwaka uliofuata kiongozi wao akafungwa miaka sita.

Hapa kwetu, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 humbana hata mwenye kibanda. Si lazima uwe umetengeneza. Kuwa na mzigo ghushi wa kuuza kunatosha, na kosa la kwanza ni kifungo cha hadi miaka mitano, au faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Kwa hivyo unapochagua mzigo, kasuku asikutishe. Angalia jina na nembo: “LEGO” iliyobadilishwa herufi moja, kwa rangi zile zile nyekundu na manjano, iache hapo hapo hata bei ikivutia vipi. Tafuta pia stika ya KEBS ya bidhaa za kutoka nje. Boksi langu la Sh850 halikuwa nayo, na niligundua nikiwa nimeshalipa.

Mpwa wangu hayo yote hayamhusu. Aliunganisha meli mbili zikawa moja ndefu yenye manahodha wawili. Mlingoti mmoja ulivunjika siku ya pili, akauchomoa na kuchomeka gunzi la mahindi. Mara ya mwisho niliyompigia simu babake, meli ilikuwa imepelekwa mtoni Nzoia kujaribiwa, na nahodha mmoja hakurudi.