Conan Osíris, Msee wa Keki na Simu

Mara ya kwanza kumcheki Conan Osíris nilidhani simu imeshika stesheni mbili. Sauti ilikuwa ya mzee wa fado, zile ngoma za huzuni za Ureno, analilia dem usiku, lakini biti chini yake inadunda kaa nganya ya Rongai. Usoni ameweka chuma inang'aa. Kando yake jamaa anaitwa João Reis Moreira anajirusha jukwaani ni kaa hana mifupa. Nikacheka. Nikarudia. Kufika mara ya tano, manze, sikuwa nacheka.

Jina ya nyumbani ni Tiago Miranda, mtoi wa 1989, Lisbon. Hiyo Conan ameitoa kwa katuni ya Wajapani, Osíris kwa mungu wa Misri ya kitambo. Lakini mtaa ndio unambonga zaidi: Cacém, kwa reli ya Sintra. Hizo ni base za mafleti, watu wanarauka kushika treni waingie tao kusaka mkate, na familia mob zilitoka Angola, Cape Verde na Guinea-Bissau. Kuduro na kizomba, ngoma za Angola, huko si muziki ya wageni. Ukilelewa hapo, na fado ni ya wazee wenu, nani atakuambia hizo vitu hazikai sahani moja?

Hakuna odijo wa muziki alimwambia. Chuo alisomea mambo ya usanifu wa michoro, biti akajifunza solo kwa kompyuta. Na mboka? Alikuwa anauza kwa duka ya zile vitu za chumbani za watu wazima. Hakuwahi kuificha hiyo, na mimi naona ndio maana hana aibu ya stage: ukishamweleza customer hizo vitu ukiwa sura kavu, mabango na kamera ni nini?

30 Desemba 2017 akaangusha albamu ya Adoro Bolos, yaani "Napenda Keki". Watu wako busy na sherehe za kufunga mwaka, yeye anaimba keki. Ni mzaha, lakini sauti haichezi. Anaimba keki na uchungu ya mtu amezika. Hapo ndio alijipata.

Kisha 2019 akabeba Festival da Canção, shindano la Ureno la kuchagua nani anaenda Eurovision, na Telemóveis, ngoma ya msee anavunja simu akijaribu kupigia mbinguni. Ureno ilikuwa imeonja: 2017 Salvador Sobral aliwaletea Eurovision ya kwanza kabisa, halafu 2018 wakaandaa Lisbon kwao na wakashika mkia. Sasa wakamtuma huyu Tel Aviv. Nusu fainali, nje.

Wale wa "nilisema" walijaa. Lakini ngoma yake inataka uiskie mara mbili, na Eurovision inakupea dakika tatu tu, kura, kwaheri. Angeweza kuipunguza, avue chuma, atafute korasi ya Kizungu kaa wengine. Hakutaka. Alienda vile alitoka Cacém, na rafiki yake wa kudansi.

Kwangu huyo hakuanguka. Anza na Adoro Bolos, sauti juu, na kama biti ya kwanza haikubambi, usizime. Ngoja ya pili.