Milango ya Jehanamu, na ile ndogo iliyo shambani mwetu



Wenye kusafiri kwenye mto Lualaba wanajua: mashua zinazotoka Bukama zinashuka karibu km 640, zikifika Kongolo zinasimama. Chini ya muji, mto unaingia kati ya majabali, mahali panaitwa kwa Kifaransa Portes d'Enfer, ni kusema Milango ya Jehanamu. Pale mto mupana unabanwa katika njia ya mita 100 hivi, na maji yanakimbia kwa fujo. Njo maana walijenga reli toka Kongolo mpaka Kindu.

Nani alikata lile jabali? Ni mto wenyewe. Lakini maji peke yake hayana meno. Meno yake ni mchanga na mawe yanayobebwa. Yanasugua jabali kama vile jiwe linavyokula chuma ya panga, kidogo kidogo, maelfu ya miaka. Na mahali njia inakuwa nyembamba, maji yaleyale yanapashwa kupita mbio zaidi, nguvu inaongezeka. Kila mwenye kupiga kasia anajua hiyo.

Sasa angalia shamba lako la kwenye mteremko. Mvua inapiga udongo mutupu, vijito vidogo vinakutana katika njia moja: njia ya miguu, ao matuta yaliyolimwa toka juu kwenda chini. Ile ni Milango ya Jehanamu ndogo. Jabali lilivumilia maelfu ya miaka, lakini udongo wako utaisha kwa misimu michache tu. Maji mekundu unayoona bondeni, njo mahindi yako ya mwaka kesho yanaenda.

Tufanye nini? Tusiache maji yakutane. Tuyatawanye, tuyapunguze mwendo:

- Lima matuta kwa kukata mteremko, hapana kuufuata.
- Panda mistari ya vetiver ao nanasi, nayo ikate mteremko vilevile.
- Usichome majani. Yaache yafunike udongo.
- Kama mufereji umeisha kuanza, zuia kwa miti na mawe, ukianzia juu, wakati ungali mudogo.

Siku ya mvua kubwa, toka uangalie maji yanapita wapi. Pale njo utaanza kazi. Na jirani wa juu akikuletea maji, musigombane: zungumzeni katika koperative, kwa sababu mteremko ni mumoja.