Nyasho hadi Mwanza: familia nzima ndani ya gari moja

Familia nyingi za Nyasho, mjini Musoma, hazisafiri kwa barabara kwa ajili ya kutembea tu. Mizigo hufungwa kwa sababu kuna msiba Mwanza, harusi Shinyanga, Krismasi kwa babu Tarime, au mtoto anapelekwa shule ya bweni. Raha ya safari huja yenyewe njiani bila kupangwa. Kero ni kinyume chake: nyingi hupangwa nyumbani jana yake, ingawa hakuna anayekusudia.

Ya kwanza ni saa ya kuondoka. Baba akishatangaza kwamba gari linaondoka saa 11 alfajiri, huona kazi yake imekwisha. Kukanda chapati, kuogesha wadogo, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea na kumkabidhi jirani ufunguo ni kazi za wengine. Saa 2 asubuhi gari bado liko uani, na aliyetangaza ndiye anayenuna. Ya pili ni idadi ya watu. Noah ina viti saba au vinane, lakini kuna shangazi anayeomba ashushwe Bunda, na mpwa ambaye "atapakatwa tu". Mtoto wa kupakatwa hana mkanda, na dereva akifunga breki ghafla mikono ya mama haitoshi kumzuia, hata angekuwa na nguvu kiasi gani. Ya tatu ni mzigo. Hakuna anayetoka Musoma kwenda kwa ndugu mikono mitupu: kuna gunia la dagaa, samaki wakavu, na unga wa udaga kwa wale waliohamia mjini wakakosa ugali wa kwao. Dagaa wakiwekwa kwenye buti mchana wa jua kali, hadi Magu kila aliyemo anajua wamo.

Musoma ipo ufukweni mwa Ziwa Victoria, pembeni kidogo ya barabara kuu. Gari hutoka mjini hadi Makutano, linapokutana na barabara ya Sirari na Mwanza. Anayekwenda Tarime hushika upande wa kaskazini na kuvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi. Anayekwenda Mwanza hushika njia ya Kiabakari, Bunda, Lamadi na Magu. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni kama kilomita 220.

Kabla ya kufika mbali, kuna mahali ambapo familia nyingi hupapita tu. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere Aprili 13, 1922, na alikozikwa baada ya kufariki Oktoba 14, 1999, iko chini ya mwendo wa saa moja kutoka Musoma. Pana kaburi lake katika eneo la Mwitongo, kati ya nyumba za familia na majabali, na makumbusho yanayobeba jina lake. Watoto wa Mara humsoma Mwalimu darasani, lakini wengi wao hukua bila kuingia hapo, kwa kuwa kila safari ina haraka ya msiba au ya harusi. Ni hasara inayoweza kuepukwa kwa kuondoka nyumbani mapema kidogo.

Baada ya Bunda hufuata kipande kitamu kuliko vyote. Kuelekea Lamadi, barabara hupita kando ya ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti, na geti la Ndabaka liko pembeni kabisa mwa lami. Hapo simu hushushwa bila mtu kuamrishwa. Swala na pundamilia huonekana kutoka dirishani bila kiingilio. Kati ya Mei na Julai nyumbu huwa katika ukanda huo wa magharibi, na mwaka wenye bahati kundi husogea hadi karibu na barabara, wakati uleule shule zinapofunga mwezi Juni. Nyani ndio hawakosi. Hukaa kando ya lami wakiangalia magari, kwa sababu wasafiri wamewazoesha ndizi na mahindi. Mtoto hufurahi kuwarushia, lakini mnyama aliyezoea kulishwa hukimbilia magari, na wengi hugongwa. Wazazi wakatae, hata mtoto akilia.

Kero kubwa ya watoto ni kutapika. Sikio la ndani huuambia ubongo kwamba mwili unakwenda, huku macho yaliyokodolea simu au daftari yakiuambia kwamba mtu ametulia. Ubongo ukipokea habari mbili zisizopatana, kichefuchefu huanza. Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio huathirika zaidi. Wachanga kwa kawaida hawasumbuki. Dawa za kuzuia zipo, lakini hunywewa kabla ya safari, si baada ya mtoto kuanza kugeuka rangi. Hata bila dawa, inasaidia akila kidogo, akae kwenye kiti cha dirishani, atazame mbali mbele ya gari na apate hewa. Zamani kila basi lilikuwa na mifuko ya rambo kwa kazi hii. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, watu walishangilia usafi wa mitaa, na pengine ni akina mama wa safarini peke yao waliojiuliza watatumia nini. Ndoo ndogo yenye mfuniko inatosha.

Halafu kuna kusimama. Mmoja anataka kuchimba dawa sasa hivi, mwingine hakutaka walipokuwa kwenye kituo cha mafuta chenye choo. Kandokando ya hifadhi vichaka si mahali pa kuingia hovyo, kwa hiyo dereva mwenye busara husimama Bunda na kuwashusha wote, wanaotaka na wasiotaka. Vijijini kasi ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi hukaa mahali ambapo barabara imenyooka na dereva ameshajisahau. Faini ya mwendokasi huharibu mazungumzo hadi Lamadi, hasa kama mama alishasema, "Baba Neema, punguza."

Hasira nyingi huyeyuka Lamadi. Gari likisimama, kabla injini haijazimwa, wauzaji wameshainua masinia hadi usawa wa madirisha: karanga, mayai ya kuchemsha yenye chumvi iliyofungwa kwenye kikaratasi, mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga. Biashara yote huisha kwa dakika chache, na chenji ya mwisho hupokelewa gari likiwa limeanza kusogea.

Kwa wanaokwenda Dar es Salaam, Mwanza ni mwanzo tu. Safari nzima kutoka Musoma inazidi kilomita 1,300, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro. Kwa miaka mingi mabasi yalikatazwa kutembea usiku kucha, na watoto walilala vitini kwenye stendi za njiani hadi alfajiri. Tangu 2023 serikali imeruhusu safari za saa 24, hivyo kero ya kulala stendi imepungua na nafasi yake imechukuliwa na wasiwasi kuhusu dereva anayesinzia. Anayekwenda Arusha ana njia mbili: kuzunguka Singida na Babati, au kukatisha Serengeti na Ngorongoro. Ya pili ni fupi na ina wanyama, lakini kila mtu hulipa ada za hifadhi juu ya nauli, na vumbi huingia hadi kwenye chapati. Familia ya watu sita ikipiga hesabu, mara nyingi huishia Babati.